Mtoto mmoja, mikono mitano: uchambuzi wa kisa cha binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna mtoto mmoja aliyepitia kila kitu kilichoandikwa hapa kwa mpangilio huu. Ni mambo yanayojirudia katika kesi za aina hii nchini Tanzania, yameunganishwa katika maisha ya mtu mmoja ili yaonekane kwa pamoja, na viwango vya fedha anavyolipwa au kudaiwa ni vya mfano pia. Sheria na taratibu zilizotajwa ni halisi.

Binti alimaliza darasa la saba mwezi Septemba, akiwa na miaka 14 na miezi mitatu, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Iringa. Miezi 18 baadaye, mwezi Machi, alikutwa mahabusu ya polisi Dar es Salaam pamoja na wanawake watu wazima, akisema ana miaka 19. Katikati hapo alipita mikononi mwa watu watano: aliyemtoa kijijini, aliyemwajiri, ndugu wa mwajiri, mwenye grosari (baa ndogo ya mtaani), na kijana wa bodaboda. Kila mmoja alikuwa na neno zuri la kukiita alichofanya. Kumtafutia kazi. Kumlea. Kumsitiri. Kumpenda. Ndiyo maana kesi kama hii ikifika ofisini huvunjwa vipande: huyu ana dai la mshahara, yule ana la ukatili wa kingono, mwingine la mtandao, na mtoto anasimulia mara tano kwa watu watano. Sisi tunaisoma kama jambo moja lililokuwa likibadilisha mmiliki, kwa sababu kila mkono ulimnyang'anya vitu vile vile: fedha, simu, umri wake halisi na njia ya kurudi nyumbani.

Msimu wa dalali

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo ya katikati ndiyo msimu wa dalali. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana bado vinamwangukia mzazi, na sekondari ya kata huenda iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mama mwenye watoto watano huanza kupiga hesabu hiyo mapema, na dalali anajua ni wiki gani ya kupita.

Aliyekuja ni mwanamke wa kijiji hicho hicho aliyeolewa mjini. Binti alimwita shangazi, ingawa hawana damu moja. Ahadi zake zilikuwa tatu: mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi, kulelewa kama mtoto wa nyumbani, na kupelekwa kwenye cherehani baada ya mwaka mmoja. Hakuna kilichoandikwa. Mwajiri alituma shilingi 150,000 kwa simu. Nauli ya basi ilichukua 35,000, mama akapewa 30,000 "ya sabuni", na 85,000 zikabaki kwa dalali. Hakuna aliyemwambia binti wala mama yake kwamba zote 150,000 zingehesabiwa kuwa deni la mtoto.

Mama huyu hakumuuza mwanawe. Aliamini anampeleka mahali penye chakula na ujuzi, na ukimhoji kama mtuhumiwa wa kwanza atafunga mdomo, nawe utampoteza shahidi anayelijua jina la dalali, namba yake ya simu na siku aliyokuja.

Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Ni kilomita zipatazo 500 hadi kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam. Kabla ya kupanda, binti alifundishwa jibu: ukiulizwa, sema unamfuata mama mdogo. Jibu la kufundishwa lina dalili zake, na makondakta, askari wa kituo na mama lishe wanaweza kuzitambua. Mtoto anasema anakwenda kwa mama mdogo lakini hajui anakaa mtaa gani wala hana namba yake. Anayempokea anamtambua kwa kuangalia picha kwenye simu, si kwa sura. Mizigo ni mfuko mmoja wa plastiki kwa safari inayoitwa ya kuhamia. Tiketi yake imelipiwa kwa namba ile ile iliyolipia watoto wengine wawili.

Kisheria kosa lilikwisha kamilika hapo, kabla hajafua hata nguo moja. Katika usafirishaji haramu wa binadamu hutazamwa kitendo (kumtafuta, kumsafirisha, kumpokea), njia iliyotumika (hila, vitisho, nguvu) na lengo la kumtumikisha. Kwa mtu mzima vyote vitatu huhitajika. Kwa mtoto, yaani yeyote wa chini ya miaka 18, kitendo na lengo vinatosha. Ndivyo ulivyosema mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008. Kwa hiyo utetezi unaosikika kila siku, "mama yake aliridhia" au "mwenyewe alitaka kuja", hauondoi kosa. Hata hivyo dalali ndiye anayeponyoka mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa anayekamatwa ni yule ambaye mtoto alikutwa kwake, na hakuna anayerudi nyuma kuuliza alifikaje hapo.

Miezi 11 ndani ya nyumba

Siku ya binti ilianza saa 10:30 alfajiri. Alikanda unga kilo tano, akakaanga maandazi, akayapanga kwenye ndoo na kuyauza barabarani hadi saa 2 asubuhi. Kisha usafi, kufua, kupika na kumlea mtoto wa miezi minane aliyelala naye chumba kimoja. Alilala saa 5 usiku, isipokuwa mtoto akiamka. Ukiondoa muda wa kula, ni saa 17 hivi za kazi kwa siku.

Maandazi yanastahili kutazamwa kwa makini. Mwajiri akiulizwa husema "anasaidia kazi ndogo ndogo". Lakini maandazi ni biashara. Yana mauzo ya kila siku, na mauzo hayo yanaonyesha nani ananufaika na alfajiri ya mtoto. Muulize mtoto ndoo moja hubeba maandazi mangapi, moja linauzwa shilingi ngapi, na fedha anamkabidhi nani. Atajibu kwa usahihi kuliko swali lolote la "unanyanyaswa?", na majibu yake yanaweza kuhakikiwa kwa majirani wanaonunua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Inakataza kazi inayozidi saa sita kwa siku, na inakataza kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tunalisisitiza hili kwa sababu makosa hutokea pande zote mbili. Wapo wanaosema mtoto kuosha vyombo tayari ni utumikishwaji, jambo linaloigeuza kila familia kuwa mtuhumiwa. Wapo pia wanaosema kwa kuwa ana miaka 14 basi hakuna tatizo. Tazama saa, malipo, shule, na uhuru wa kuondoka. Binti huyu alikosa vyote.

Miezi mitatu ya kwanza hakulipwa: 150,000 za kumleta zilikatwa kwenye 50,000 za kila mwezi. Kuanzia mwezi wa nne bosi alisema "nakutunzia". Mshahara unaotunzwa na bosi hufanya kazi kama kufuli, kwani kila mwezi unaopita mtoto anakuwa na kikubwa zaidi cha kupoteza akiondoka. Simu hakuwa nayo. Akitaka kuongea na mama yake, aliongea kwa simu ya bosi, spika ikiwa wazi, bosi akiwa amesimama kando. Kijijini mama alisikia "nipo salama" na akaamini.

Mwezi wa sita jirani aliona alama za mwiko mkononi mwa binti, akaenda kutoa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa. Alifanya jambo sahihi, kwani sheria inamtaka kila mwananchi mwenye taarifa za mtoto anayeonewa azifikishe kwa mamlaka ya eneo lake. Kilichofuata ndicho kilichoharibu. Bosi na binti waliitwa pamoja. Binti aliulizwa mbele ya bosi kama anapigwa, akasema hapana. Bosi akatoa 20,000 papo hapo, akaahidi kumpeleka cherehani, watu wakashikana mikono na mambo yakaisha. Hakuna aliyeandika umri, jina la kijiji wala jina la aliyemleta. Afisa ustawi wa jamii hakujulishwa. Wiki hiyo hiyo geti likawekwa kufuli jipya, na jirani akaacha kusalimiwa.

Mwenyekiti wa mtaa hakuwa na nia mbaya. Alitumia kipawa cha usuluhishi kinachowafaa watu wazima wanaogombania mpaka wa kiwanja. Kati ya mtoto wa miaka 14 na mtu anayemlisha hapawezi kuwa na suluhu ya namna hiyo, kwa sababu baada ya kikao mtoto anarudi kulala kwa yule yule. Alichopaswa kufanya kingechukua nusu saa: kumweka binti peke yake na mwanamke asiye wa nyumba ile, kuandika maneno yake kama alivyoyasema, kumpigia afisa ustawi wa jamii wa kata, na kutomrudisha kabla afisa hajafika. Namba ya simu 116, ya bure, hupokea taarifa kama hizi hata pale mtoa taarifa asipotaka kujulikana kwa majirani.

Mwezi wa tisa ndugu wa kiume wa mwajiri alihamia. Alianza kwa kumpa binti soda na kumtetea anapogombezwa. Baadaye alimfanyia ukatili wa kingono, zaidi ya mara moja, bosi akiwa kazini. Binti alivumilia wiki tano kabla ya kusema. Aliposema, bosi alimwita malaya na kumtoa nje saa 3 usiku, bila mshahara wala begi lake. Tuliangalie tendo hilo kwa pande zote mbili: lilimlinda ndugu, na lilifuta deni la miezi minane ya mshahara. Ukatili wa kingono na wizi wa ujira hukaa nyumba moja mara nyingi, na anayechunguza kimoja asipouliza kingine huacha nusu ya kesi mlangoni.

Kama binti angefikishwa kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu tukio la mwisho, angepata dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo baada ya muda huo hazitolewi tena kwa kuwa hazisaidii, na dawa za kuzuia mimba. Fomu ya polisi namba 3, tunayoiita PF3, ni muhimu kwa ushahidi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Nguo hazifuliwi. Zinawekwa kwenye mfuko wa karatasi wa kaki, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa plastiki unashika unyevu na ushahidi unaoza. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono inakuwa na daktari, askari na ustawi wa jamii mahali pamoja, ili mtoto asizungushwe.

Grosari, kisha simu

Usiku ule alilala kwenye baraza. Asubuhi dada mmoja anayefanya kazi grosari alimchukua, akampa chai na pa kulala, na jioni akamtambulisha kwa mwenye grosari. Dada mwenyewe aliletwa mjini akiwa mdogo. Hatumtetei wala hatumhukumu hapa. Tunamtaja kwa sababu watoto wengi hupelekwa mahali pabaya na mtu ambaye hana mahali pengine pa kuwapeleka.

Baa na sehemu za starehe zimo katika kazi ambazo sheria inazihesabu kuwa hatarishi kwa mtoto, hata akiwa na miaka 17. Malipo yalikuwa ya chupa: asilimia kidogo ya kila anachouza. Glasi ikivunjika, anakatwa. Mteja akiondoka bila kulipa, anakatwa. Kwa mpango huo kuna wiki alizomaliza akidaiwa, na mwenye grosari alikuwa na jibu: "Wateja wanakupenda, wewe tu." Mwenye grosari hakuhitaji kumlazimisha kwa mkono, kwani deni na kukosa pa kulala vilitosha. Yeye ndiye aliyemwambia aseme ana miaka 19.

Hapa maneno tunayochagua yana uzito. Watu husema "anajiuza", jalada likaandika hivyo, na kuanzia hapo mtoto anakuwa mkosaji. Kwa sheria ya Tanzania, anayefanya ngono na msichana wa miaka 15 hawezi kujitetea kwa kusema aliridhia, wala fedha aliyoacha mezani haibadilishi kitu. Neno sahihi ni kwamba mtoto huyu alikuwa akitumikishwa kingono, na kwamba kuna mnunuzi na kuna anayepata faida.

Kijana wa bodaboda alikuja mwezi wa pili wa grosari. Alimnunulia simu, ya kwanza maishani mwake, akamlipia chumba, akamwambia atamtoa pale. Kisha akaomba picha za utupu "kwa ajili yangu tu". Wiki tatu baadaye sauti ilibadilika. Alitaka binti aende kwa wanaume aliowachagua yeye, la sivyo picha zingetumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijijini. Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la kijana, hivyo hata fedha iliyotumwa kwa binti iliingia kwake.

Mwenye kushughulikia hatua hii hukosea kwa haraka. Hukasirika, hufuta picha, au huzituma kwa wenzake "kama ushahidi". Kufuta kunapoteza ushahidi. Kutuma ni kusambaza picha za ngono za mtoto, kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama nia ni njema. Andika namba iliyotuma vitisho, tarehe, saa, jina la akaunti na jina la kundi. Weka simu kwenye hali ya ndege isipokee amri ya kufutwa kutoka mbali, kisha ikabidhiwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ikiwa na kila kilichomo. Mtoto asiambiwe kamwe "kwa nini ulituma". Swali hilo ndilo vitisho vilivyokuwa vikitegemea.

Swali lililofungua kesi

Msako ulipopita, binti alikamatwa pamoja na wengine. Kumweka na watu wazima lilikuwa kosa, lakini alionekana mkubwa na alikuwa ameshikilia 19. Askari wa Dawati hakumbishia. Alimuuliza amemaliza darasa la saba mwaka gani, na mwalimu wa darasa alikuwa nani. Mtoto aliyefundishwa kudanganya umri mara chache amefundishwa kudanganya shule. Jibu lake lilitoa miaka 15.

Kutoka hapo umri ulithibitishwa kwa karatasi: kadi ya kliniki aliyoihifadhi mama, kitabu cha usajili cha shule, na namba ya PREM anayopewa mwanafunzi wa msingi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, kama ilivyo kwa watoto wengi wa vijijini, na kukosekana kwake kusichukuliwe kuwa mwisho wa njia. Shaka ikibaki, anahudumiwa kama mtoto hadi ithibitike vinginevyo.

Mahojiano yalifanywa mara moja, na mtu mmoja, kwa maswali yaliyo wazi. Nieleze siku yako tangu ulipoamka. Nani alikuwa anashika fedha. Ukisema unataka kwenda nyumbani, nini kinatokea. Ulilala wapi usiku wa kwanza baada ya kutoka pale. Maswali manne ya namna hiyo yalitoa watu wote watano, kwa mpangilio. Ushahidi mwingine ulitoka kwenye miamala: 150,000 iliyotoka kwa mwajiri kwenda kwa dalali siku moja kabla ya safari, na tiketi tatu kwa namba moja.

Mshahara ulidaiwa kando ya jinai. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kuwa kima cha chini kabisa cha mfanyakazi wa ndani, kwa hiyo hata ahadi ya 50,000 ilikuwa pungufu ya kima cha sheria. Miezi 11 kwa kima hicho ni 660,000. Ukitoa 20,000 alizopewa, zinabaki 640,000. Gharama ya kumleta ni ya aliyemleta, haiingii kwenye hesabu hii, na pale ambapo kima kimepanda kinatumika kile cha wakati wa kazi. Dai hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1. Muda ni siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa madai mengine. Binti alikuwa amechelewa, ikabidi yapelekwe maombi ya kuongezewa muda, sababu ikiwa kwamba hakuwa huru. Watu wengi huliacha dai hili wakiona kesi ya jinai ni kubwa kuliko fedha. Tunaliona kuwa kosa, kwa kuwa mtoto anayerudi kijijini mikono mitupu anarudi akiwa na aibu mbele ya mama aliyengoja mshahara.

Kurudi

Njia ya mkato ni kumpa nauli na kumpandisha basi. Inashindwa kwa sababu inayoonekana wazi ukiitazama: dalali bado anaishi njia ile ile, na sababu iliyomwondoa binti haijaguswa. Katika kisa hiki alikaa kwanza kwa mlezi wa kuaminika aliyeandaliwa na ustawi wa jamii, wiki saba, huku afisa wa wilaya ya kwao akitembelea nyumbani. Ziara hiyo iligundua mdogo wake wa kiume wa miaka 13 aliyepelekwa shamba la tumbaku wilayani Chunya na mtu aliyejuana na "shangazi" yule yule. Wavulana hupotea kirahisi zaidi machoni mwa watu. Mvulana wa miaka 13 anayebeba mzigo huitwa mchapakazi, na hakuna anayemuuliza analala wapi. Naye alifuatwa.

Nafasi ya kidato cha kwanza ilikuwa imepita. Waraka wa Novemba 2021 uliruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi shuleni, na vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha sekondari kwa njia mbadala. Binti alichagua cherehani katika chuo cha ufundi cha VETA, na masomo ya jioni. Aliulizwa, hakuamuliwa. Kaya iliombewa kuingizwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na simu mpya ilisajiliwa kwa jina la mama.

Ufuatiliaji ulipangwa mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Kipimo cha VVU kilirudiwa mwezi wa tatu. Katika kila ziara afisa hukaa na binti peke yake kwanza, ndipo na familia, na huuliza mambo matatu kabla ya yote: kama kuna namba ngeni inayompigia, kama kuna mtu aliyekuja kumshawishi mama afute kesi, na mdogo wake wa kike, aliye darasa la sita, anahudhuria shule siku ngapi kwa wiki.